Ladha ya Kuungua katika Meko ya Kagera

Ifikapo Novemba, mvua zikiwa zimekwisha kukolea, taa zenye mwanga mkali huwashwa usiku katika viunga vya Bukoba na kando ya barabara ielekeayo Muleba. Mabati husimamishwa kuzizunguka ili senene wanaoufuata mwanga wayagonge na kuteleza hadi ndani ya mapipa. Asubuhi kazi huhamia jikoni. Baada ya kunyonyolewa mbawa na kuondolewa miguu, senene hutiwa chumvi na maji kidogo, wakabandikwa motoni. Kwa muda mrefu hakuna kinachoonekana ila mvuke. Kisha sauti ya sufuria hubadilika: mchemko mzito hugeuka mlio mkavu wa kukaangika, mafuta ya senene wenyewe huanza kutoka, kijani hufifia, na harufu nyingine kabisa hujaza nyumba. Mpishi mzoefu hahitaji kipimajoto. Husikiliza, hunusa, na kuepua sufuria wakati senene wamekuwa wa kahawia. Akichelewa kidogo tu, utamu hugeuka uchungu unaong'ang'ania kooni.

Yanayotokea katika dakika hizo chache yanawahusu pia wahudumu wa afya na wagonjwa wao. Mtu aliyeambiwa kwamba ana saratani ya umio huyapekua maisha yake akitafuta kosa, na aghalabu huliona kwenye ukoko alioukwangua sufuriani tangu utotoni. Mama mwingine humnyima mtoto samaki wa kukaushwa kwa moshi kwa sababu amesikia kwamba vilivyoungua vina sumu, ilhali samaki huyo ndiye protini pekee iliyomo nyumbani. Wote wawili wanastahili jibu lililo sahihi zaidi ya "achana na vilivyoungua".

Maji yakiisha sufuriani

Chakula kilichozama majini hakiwezi kupata moto kuliko maji yanayochemka. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi; Bukoba, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa huo, huchemka karibu na nyuzi 96. Ndiyo maana ndizi zilizopikwa na maharage, hata zikikaa motoni saa nzima, hazipati ladha ya gonja iliyochomwa juu ya makaa. Gonja imepoteza maji ya juu yake, na ngozi hiyo kavu imepanda joto kufikia nyuzi 140 au zaidi. Hapo ndipo sukari na asidi amino, ambazo ndizo vijenzi vya protini, huanza kushikamana.

Aliyeeleza mshikamano huo kwa mara ya kwanza alikuwa daktari na mkemia Mfaransa, Louis Camille Maillard, mwaka 1912. Alipasha moto mchanganyiko wa sukari na asidi amino, akaona ukigeuka kahawia na kutoa harufu. Hakuwa akitafuta siri za upishi. Alitaka kujua jinsi protini zinavyojengwa ndani ya mwili. Mwaka 1953 mkemia wa Marekani, John Hodge, alizipanga hatua zake kwa utaratibu unaofundishwa hadi leo. Kutokana na viungo vichache vya mwanzo huzaliwa mamia ya kemikali mpya, nyingi zikiwa nyepesi kiasi cha kuruka hewani na kufika puani. Harufu ya mkate, ya karanga, ya nyama choma na ya senene zote zina asili hiyo moja. Lugha ya Kiswahili nayo imeliweka jambo hili vizuri: rangi ya kitu kilichoiva kwa moto mkavu tunaiita kahawia, jina litokanalo na kahawa.

Moto ukizidi, sukari yenyewe huvunjika, mafuta huvunjika, na vile vijenzi vya harufu huunguzwa kabla havijaruka. Hubaki chembe nzito zenye uchungu, na mwishowe mkaa. Ulimi wa binadamu una aina zipatazo 25 za vipokezi vya uchungu, idadi kubwa kuliko ya vipokezi vya utamu, kwa kuwa uchungu ni dalili ya kale ya sumu katika mimea. Kwa hiyo mtoto anayetema kipande cheusi cha andazi hadeki. Anatumia kinga aliyozaliwa nayo. Hata hivyo sehemu kubwa ya kile kiitwacho ladha ya kuungua haiko ulimini. Mtu akiziba pua na kutafuna ukoko wa wali atasikia ugumu na uchungu kidogo tu. Akiiachia pua, moshi wote hurudi mara moja, kwa maana harufu hupanda kutoka nyuma ya kinywa kuingia puani.

Maillard hakukosea kuelekeza macho yake mwilini. Mshikamano ule ule unaoipa gonja rangi hutokea ndani ya damu, polepole mno, kwa joto la nyuzi 37. Sukari iliyomo katika damu hujipachika kwenye himoglobini, na kadiri sukari inavyokuwa nyingi ndivyo himoglobini nyingi zaidi inavyopachikwa. Kipimo cha HbA1c, kinachotumika kufuatilia wagonjwa wa kisukari, hupima jambo hilo hilo. Kwa kuwa chembe nyekundu ya damu huishi takribani siku 120, matokeo huonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, wala si chai ya asubuhi ya leo. Mgonjwa anayeambiwa kwamba sukari "inaibadilisha rangi damu yake kama moto unavyoibadilisha gonja" huelewa haraka kwa nini kufunga kula siku moja kabla ya kiliniki hakumdanganyi daktari. Kanda ya Ziwa ina tahadhari yake: pale chembe nyekundu zinapokufa mapema, kama katika selimundu, au baada ya kuongezewa damu, kipimo hiki hupotosha, na sukari hufuatiliwa kwa njia nyingine.

Unga wa lishe nao unahitaji neno. Soya lazima ipashwe moto vya kutosha kabla ya kusagwa, kwani ikiwa mbichi ina kemikali zinazozuia usagaji wa protini tumboni. Lakini ikikaangwa hadi kuwa nyeusi, asidi amino iitwayo laisini hufungwa na sukari katika mshikamano ule ule, na mwili hauwezi tena kuitumia. Laisini ndiyo hasa inayopungua katika mahindi, na ndiyo sababu ya kuichanganya soya na mahindi tangu mwanzo. Uji wenye harufu nzuri ya kuungua huweza kumshibisha mtoto bila kumjenga. Katika nchi ambayo Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, rangi ya soya kikaangoni si jambo dogo. Iepuliwe ikiwa kahawia hafifu, ganda likiwa limeanza kupasuka.

Kahawa mbili za Bukoba

Kagera ina bahati ya kuwa na kahawa ya aina mbili kwa maana ya upishi. Ya kwanza ni ya kutafuna: matunda ya robusta huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, kisha hukaushwa. Wahaya wameitumia kwa karne nyingi kumkaribisha mgeni, na hapo kale kufunga udugu wa kuchanjiana. Ya pili ni ile iliyokaangwa, ikasagwa na kunywewa, au iliyogeuzwa kuwa unga wa papo kwa papo katika kiwanda cha Tanica mjini Bukoba. Punje huweza kuwa za mti mmoja na zenye kafeini ile ile, lakini anayetafuna ile ya kwanza hapati hata chembe ya harufu ambayo dunia huiita harufu ya kahawa. Harufu hiyo imo motoni. Punje hukaangwa kwa joto la nyuzi 200 au zaidi, na huko asidi za klorojeniki, ambazo robusta inazo nyingi kuliko arabika, hugeuka kuwa kemikali zinazoleta uchungu. Kafeini ina mchango mdogo tu katika uchungu huo.

Ndani ya punje hizo hizo imo pia kemikali iliyozua hofu kubwa duniani. Mwaka 1997, wakati reli ya chini ya mlima wa Hallandsås ilipokuwa ikichimbwa kusini mwa Uswidi, dawa ya kuziba nyufa ilivuja ndani ya maji. Samaki walikufa, ng'ombe wakapooza miguu. Dawa hiyo ilikuwa na akrilamaidi, kemikali ya viwandani inayodhuru mishipa ya fahamu. Wanasayansi walipopima damu ya wachimbaji walilinganisha na damu ya watu wasiohusika, wakashangaa kuikuta hata kwa hao, ingawa kwa kiasi kidogo. Msako wa chanzo uliishia jikoni. Mwezi wa Aprili 2002, Mamlaka ya Chakula ya Uswidi na Chuo Kikuu cha Stockholm walitangaza kwamba akrilamaidi hujitengeneza yenyewe katika vyakula vya wanga vikikaangwa, vikichomwa au kuokwa kwa joto linalozidi nyuzi 120. Chanzo chake ni asidi amino iitwayo asparajini, ikikutana na sukari.

Kwa hiyo chipsi za stendi, mihogo ya kukaanga, gonja na mkate uliobanikwa vyote vinayo. Ndizi zilizochemshwa, mihogo iliyochemshwa na ugali havina kiasi cha kutajwa, kwa kuwa maji hayaruhusu joto hilo. Mlo wa kawaida wa Mhaya, ndizi na maharage katika sufuria iliyofunikwa, ni miongoni mwa milo iliyo salama zaidi kwa kipimo hiki. Inasikitisha kuona unaitwa wa kizamani na vijana wanaohamia chipsi.

Rangi peke yake nayo si mwamuzi kamili. Katika chipsi, kadiri zinavyozidi kuwa za kahawia ndivyo akrilamaidi inavyoongezeka. Katika kahawa, kemikali hiyo hufikia kilele mapema wakati wa kukaanga, kisha moto ukiendelea huvunjika yenyewe, hivyo kahawa nyeusi zaidi huwa nayo kidogo kuliko ile hafifu. Wanyama wa maabara waliopewa akrilamaidi kwa wingi walipata saratani. Kwa binadamu, tafiti za ulaji wa kawaida hazijatoa jibu moja: nyingine zimeona uhusiano hafifu, nyingi hazikuuona. Kupunguza ni busara na ni rahisi. Viazi vikishakatwa viloweshwe majini na kumwagwa maji yake, na vikaangwe hadi rangi ya dhahabu tu.

Mafuta yadondokapo juu ya moto

Hatari iliyothibitishwa zaidi iko upande wa ziwani. Katika visiwa vya Muleba, kama Bumbire, Goziba na Kerebe, jokofu ni anasa, na sangara asiyeuzwa siku hiyo huhifadhiwa kwa moshi. Dagaa hutosha kuanikwa juani. Sangara, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, ana mafuta mengi yasiyokubali kukauka kwa jua, hivyo hupangwa juu ya chanja na kuni huwashwa chini yake. Moshi wa kuni una kemikali zinazoua bakteria na kuzuia mafuta kuchacha. Zinapatikana pale mti unapoungua bila hewa ya kutosha, na ndizo zinazompa samaki ladha anayotafutwa kwayo sokoni Bukoba.

Tatizo ni kwamba mafuta ya samaki hudondoka. Kila tone likigusa moto huungua na kupanda tena likiwa moshi mzito, na moshi huo hujishika kwenye ngozi ya samaki yule yule. Humo mna kundi la kemikali ambazo historia yake ya kitabibu ni ndefu. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kuhusu saratani ya ngozi ya korodani kwa watu waliofagia dohani tangu wakiwa watoto, akailaumu masizi. Ilichukua zaidi ya miaka 150 kumpata mhusika: mwaka 1933 wanasayansi wa Uingereza walitenga benzopirini kutoka katika lami ya makaa ya mawe. Leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeiweka katika kundi la kwanza, yaani miongoni mwa vitu ambavyo uwezo wake wa kusababisha saratani kwa binadamu hauna shaka. Umoja wa Ulaya hauruhusu samaki wa moshi mwenye zaidi ya maikrogramu 2 za benzopirini kwa kilo moja.

Japani, nchi ya walaji samaki, iliongeza ukurasa mwingine. Mwaka 1977 Takashi Sugimura na wenzake wa Kituo cha Taifa cha Saratani mjini Tokyo walichukua moshi na maganda meusi ya samaki wa kuchomwa wakayajaribu kwa bakteria wa maabara. Chembe za urithi za bakteria zilibadilika kwa kiwango ambacho benzopirini peke yake isingeweza kukieleza. Kutokana na jaribio hilo liligunduliwa kundi jingine la kemikali, linalozaliwa nyama au samaki anapokutana na joto kali moja kwa moja.

Je, mama wa Muleba aache kununua samaki wa moshi? La. Samaki humpa mtoto protini, chuma na mafuta yanayojenga ubongo, na hasara ya kuvikosa ni ya hakika na ya karibu kuliko hatari ya masizi. Anachoweza kufanya ni kuondoa ngozi nyeusi kabla ya kumpika, kwa kuwa benzopirini hujikusanya zaidi juu kuliko ndani ya minofu, na kumsuuza kwa maji ya moto. Mkaushaji ana nafasi kubwa zaidi. Chanja ikiinuliwa mbali na ndimi za moto, na mafuta yakikingwa kwa bati lililoinama ili yachuruzike pembeni, moshi mchafu hupungua sana. Tanuri lililobuniwa nchini Senegal kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na kisha kupelekwa katika nchi kadhaa za Afrika, limejengwa juu ya wazo hilo. Kuni ziwe kavu na za mti mgumu. Misonobari yenye utomvu, mbao zilizopakwa rangi na, zaidi ya yote, mifuko ya plastiki ya kuwashia moto visisogezwe karibu na chakula. Ladha ya plastiki iliyoungua haihitaji maabara kuitambua.

Mgonjwa anapouliza

Majedwali ya IARC husomwa vibaya hata na wataalamu. Makundi yake hueleza uzito wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Kitu kikiwekwa kundi la kwanza pamoja na tumbaku haina maana kwamba kipande kimoja cha samaki ni sawa na sigara moja. Akrilamaidi iko katika kundi la 2A, "yamkini husababisha saratani", tangu 1994. Kahawa, iliyowahi kushukiwa, iliondolewa katika orodha ya washukiwa mwaka 2016. Katika kikao hicho hicho, jambo ambalo magazeti mengi yalilipita, vinywaji vyovyote vinavyonywewa vikiwa na joto linalozidi nyuzi 65 viliingizwa katika kundi la 2A kwa sababu ya saratani ya umio.

Hapa Afrika Mashariki ina sababu ya kusikiliza. Ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda na Tanzania hadi Malawi na Afrika Kusini, una saratani ya umio kwa kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi za dunia. Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulipima chai wakati wanywaji walipoanza kuinywa, ukakuta wastani unaozidi nyuzi 70. Chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja hupoa polepole kuliko ile inayoongezewa maziwa baridi kikombeni. Anayejivunia kunywa chai "ya moto kweli" na uji unaofuka anaunguza ngozi laini ya umio kila siku, nayo hujitengeneza upya kila siku, na katika kujitengeneza huko makosa huzaliwa. Kuungua kunakostahili kuogopwa, basi, huenda ni kwa koo lenyewe kuliko kwa ukoko unaolipitia. Tumbaku na pombe kali huongeza hatari juu ya hatari.

Mgonjwa aliyekwisha kuugua hapaswi kuongezewa lawama. Hakuna daktari anayeweza kumwambia mtu mmoja kwamba ukoko, chai au moshi ndio uliomletea uvimbe wake. Kilicho na faida ni kutambua mapema: anayesema kwamba ndizi zinakwama, kisha ugali, kisha hata uji, na huku anakonda, asipewe dawa za kiungulia kwa miezi. Apelekwe kupimwa kwa kamera ya umio, na kutoka Kagera njia ya kawaida huelekea Bugando, Mwanza.

Kisha kuna yule anayekipika chakula. Anayekula samaki wa moshi hupata masizi kidogo kwa mlo mmoja. Anayempika juu ya mafiga matatu, katika jiko lisilo na dirisha, huvuta moshi ule ule kila siku, na mtoto aliyembeba mgongoni huuvuta pamoja naye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya 237,000. Nimonia kwa watoto, ugonjwa sugu wa mapafu kwa wanawake wasiowahi kuvuta sigara, mtoto wa jicho na watoto kuzaliwa na uzito mdogo vyote vimehusishwa nao. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mpaka gesi ifike Goziba kwa bei inayolipika, dirisha la pili, kuni kavu na kupikia nje siku zisizo za mvua havigharimu sana.

Mkaa hudanganya kwa namna yake. Watu huupenda kwa kuwa hautoi moshi wala harufu ya kuungua, na usiku wa baridi wa nyanda za Kamachumu jiko la mkaa huingizwa chumbani ili kupasha joto. Hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka humo haina rangi, haina harufu, wala ladha. Hushika himoglobini kwa nguvu kuliko oksijeni na kuwaua watu usingizini. Familia nzima ikiamka na kichwa kuuma, kichefuchefu na miguu kulegea bila homa, mhudumu asikimbilie malaria kabla ya kuuliza jiko lililala wapi.

Harufu ya kuungua pasipo moto

Mara chache mgonjwa huja na lalamiko lililo kinyume: anasikia harufu ya kitu kinachoungua, mpira au nywele, na hakuna mwingine anayeisikia. Katika jamii zetu lalamiko hili huishia kwa mganga au hufichwa, kwa kuwa msemaji huogopa kuonekana amerogwa. Daktari wa mishipa ya fahamu wa Uingereza, John Hughlings Jackson, alikwisha kulieleza mwishoni mwa karne ya 19. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya panja hupokea taarifa za harufu, na degedege dogo linapoanzia hapo, jambo la kwanza analolijua mgonjwa huweza kuwa harufu mbaya, mara nyingi ya kuungua. Hudumu sekunde chache au dakika moja hivi, pengine ikifuatana na kuduwaa, kutafunatafuna midomo, au hofu isiyo na sababu. Ni kifafa, na kina dawa.

Tangu janga la Uviko-19, wengine wana hali isiyofanana na hiyo. Wao hunusa kitu kilichopo kweli, lakini pua huwapa taarifa mbovu: kahawa, vitunguu na nyama iliyokaangwa hunuka kama vimeungua au kuoza. Hapa mishipa ya harufu iliharibiwa na kirusi na inaota upya bila mpangilio. Mgonjwa wa namna hii huweza kukonda kwa kuchukia chakula. Vyakula vya kuchemsha, vikiliwa vikiwa vimepoa, humfaa kuliko vya kukaanga, kwa kuwa zile kemikali za mshikamano wa Maillard ndizo zinazomkera zaidi. Wengi hupata nafuu kwa miezi kadhaa.

Kuzitenganisha hali hizi mbili hakuhitaji mashine. Inatosha kuuliza harufu huja wakati gani, hukaa muda gani, na kama kulikuwa na chakula karibu. Inayokuja ghafla, ikapita, na kurudi vile vile bila kichocheo, hasa kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa nayo, au ikiambatana na kichwa kuuma kunakozidi asubuhi na kutapika, humlazimu mhudumu wa zahanati kuandika rufaa siku hiyo hiyo.